Nani Kasema Nyungwe ni ya Kiangazi Tu?

Kila Desemba nikirudi nyumbani Rwimbogo kwa likizo, nasikia hoja ileile. Naisikia kwa majirani, naisikia kwa walimu, na hata hapa chuoni naisikia kwa watu ambao nilitarajia wangekuwa wameshaichoka: huu si wakati wa kutembea. Mvua inanyesha. Kuna baridi. Watoto watashikwa na mafua. Subirini kiangazi. Basi watoto hukaa ndani likizo nzima wakigombania simu ya baba, na kiangazi kikifika wanaambiwa kwamba jua ni kali na vumbi ni jingi. Ukijumlisha mwaka mzima utaona kwamba hakuna mwezi hata mmoja ambao familia ya kwetu imejipa ruhusa ya kutoka pamoja, baba, mama na watoto, kwenda mahali penye miti bila jembe wala kidumu cha maji.

Ninaandika kuipinga hoja hiyo. Tena nitasema zaidi ya hapo: msimu wa mvua na baridi unatufaa sisi majirani wa msitu kuliko msimu mwingine wowote, na kinachotufungia ndani si hali ya hewa.

Nianze na neno, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha, na neno likikosewa fikra nazo hukosewa. Vitabu vya Kifaransa na vya Kiingereza tulivyosomea tangu shule ya msingi vilitufundisha majira manne ya Ulaya, mojawapo likiwa la theluji. Tulipoingia katika Kiswahili tukatafuta la kulitafsiri. Wengine wakaandika "majira ya baridi", wengine "kipupwe". Lakini kipupwe ni cha pwani. Huja Juni hadi Agosti, wakati pepo za kusi zinavuma, na kwetu Rusizi miezi hiyo ni impeshyi, kiangazi chenyewe, nyasi zimekauka na barabara za udongo zinatoa moshi mwekundu kila pikipiki inapopita. Kinyarwanda kina majira yake manne: umuhindo, urugaryi, itumba, impeshyi. Ukiyalinganisha na vuli, kiangazi kifupi, masika na kiangazi kirefu utakaribia, ingawa hutafika kabisa. Hakuna hata moja lenye theluji. Hata hivyo, mtu aliyewahi kusimama Uwinka, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, saa moja asubuhi mwezi wa Novemba, hawezi kuniambia kwamba Rwanda haina baridi. Ninaposema msimu wetu wa baridi, basi, nasema umuhindo na kipande cha urugaryi kinachoufuata, yaani miezi ambayo ndani yake kuna likizo ya Noeli na Bonane. Tangu mwaka wa shule ulipohamishiwa Septemba, likizo hiyo ni fupi, lakini ndiyo ambayo hata walio mbali hurudi nyumbani. Kama kuna wakati familia nzima iko chini ya paa moja, ni huo.

Sasa tazameni ramani. Wilaya ya Rusizi inashuka hadi bonde la Bugarama, chini ya mita 1,000, sehemu ya chini kuliko zote nchini, penye mpunga, joto na Kiswahili kingi mitaani. Upande wa pili inapanda hadi ndani ya hifadhi ya taifa ya Nyungwe, ambako mlima Bigugu unakaribia mita 2,950. Vilima vya Rwimbogo viko kati ya joto lile na baridi ile. Wapo watu Ulaya wanaolipa tiketi ya ndege ili waone tofauti hiyo ya hali ya hewa kwa siku moja. Sisi tunayo kwa nauli ya pikipiki, na tunakaa ndani.

Hapa wenzangu wengi hunijibu kwamba Nyungwe ni ya watalii. Husema hivyo bila uchungu, kama mtu anayesema kwamba maji yana unyevu. Ukienda uwanja wowote wa mpira kwetu utakuta watoto wenye fulana za Arsenal, nyingine halisi, nyingi za mitumba na za kuiga, na kwenye mkono yameandikwa maneno Visit Rwanda, ambayo klabu hiyo ilianza kuyavaa 2018. Yaani tembelea Rwanda. Mtoto anakimbia na mwaliko wa nchi yake kwenye bega, na msitu uliotajwa kwenye mwaliko huo hajawahi kuukanyaga. Ameuona kwenye televisheni. Ameona pia sherehe ya Kwita Izina, inayofanyika tangu 2005, watu mashuhuri wa dunia wakiwapa majina watoto wa gorila huko Kinigi. Gorila hawezi kuwaona, bila shaka. Kibali chake kwa mgeni kimekuwa dola 1,500 tangu 2017, na mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi hata kama baba yake ni waziri. Sina ugomvi na hilo. Gorila ni wachache na huambukizwa maradhi yetu. Lakini kutoka kwenye ukweli kwamba gorila si wa kila mtu, tumejitungia ukweli mwingine kwamba hata ukungu, miti, ndege na maporomoko ya maji si vya kila mtu.

Na si vitu vidogo. Nyungwe ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,000. Ilitengwa kuwa msitu wa akiba 1933, na Septemba 2023 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Ina aina zaidi ya 1,000 za mimea, aina zaidi ya 300 za ndege, na aina 13 za wanyama wa jamii ya nyani, kuanzia sokwe mtu hadi mbega, ambao humu hutembea katika makundi ya mamia, jambo lisiloonekana kwa urahisi kwingineko Afrika. Juu ya mgongo wake mvua hugawanyika: matone yanayoanguka upande huu yanakwenda Rusizi, Tanganyika na hatimaye mto Kongo, na yanayoanguka upande ule yanakwenda Nile. Mvua hiyohiyo tunayoambiwa tuikimbie ndiyo kazi ya msitu huu. Hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Anayesema atautembelea ukikauka amesema atamtembelea mvuvi siku asiyovua.

Msitu huu huonekana vizuri zaidi ukiwa umelowa. Okidi, na Nyungwe ina aina zake zaidi ya mia, hupenda unyevu. Maporomoko ya Kamiranzovu yana sauti wakati maji yapo. Ukungu ukipita chini ya lile daraja linaloning'inia Uwinka, lililofunguliwa 2010, lenye urefu wa takriban mita 160, mtu huona vilele vya miti vikijitokeza na kuzama kama visiwa. Watanzania wameshalielewa jambo hili kabla yetu. Kule nyanda za juu kusini wana hifadhi ya Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, na watu huiendea wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, kwa sababu maua huchanua wakati huo. Hakuna anayewaambia wasubiri jua. Wakisubiri jua watakuta majani makavu.

Nimetaja Kamiranzovu. Kwa Kinyarwanda jina hilo lina maana ya kinachomeza tembo, nalo ni jina la bonde la kinamasi ndani ya Nyungwe. Tembo wa mwisho wa msitu huu aliuawa 1999. Na Rwimbogo, nyumbani kwetu, jina limebeba imbogo, neno ambalo Mswahili halihitaji kutafsiriwa: mbogo, nyati. Nyati wa Nyungwe walikwisha miaka ya 1970 kwa mitego na mishale. Kwa hiyo naishi kwenye kilima chenye jina la mnyama aliyekwisha, karibu na bonde lenye jina la mnyama mwingine aliyekwisha. Hilo ndilo linalonifanya niwe mkali katika jambo ambalo wengine wataliona ni la anasa, matembezi ya Jumamosi. Wanyama wale walimalizwa na watu wa hapahapa. Hawakuwa watu wabaya kuliko sisi. Walikuwa watu ambao msitu kwao ulikuwa nyama, kuni na asali, kisha ukawa marufuku, na kati ya nyama na marufuku hakukuwa na jambo la tatu. Mtoto asiyejua msitu ila kama mahali pa kukamatiwa, akikua atautendea nini? Atauogopa, au atauibia. Sijaona la tatu likiota lenyewe.

Desemba iliyopita nilitoka na mama yangu, dada yangu na mdogo wetu wa miaka minane, tukaenda kuutazama msitu wa Cyamudongo. Kwa wasioujua, Cyamudongo ni kipande kidogo cha Nyungwe kilichobaki peke yake ndani ya wilaya yetu, kimezungukwa na mashamba pande zote, na bado kina sokwe. Tulikwenda kwa pikipiki, kisha kwa miguu, tukifuata njia ya watu katikati ya mashamba. Hatukuingia hifadhini. Tulifika mahali ambapo shamba la maharage linaishia na miti inaanzia, kama ukuta, hakuna kitu katikati. Kulikuwa na manyunyu. Mdogo wangu akasimama hatua kama kumi kabla ya miti, akamshika mama kanga, akauliza: "Turabyemerewe?" Yaani, tumeruhusiwa?

Hakuuliza kama kuna wanyama, wala jina la mti wowote. Mtoto wa miaka minane, mzaliwa wa wilaya hii, swali lake la kwanza mbele ya msitu wake lilikuwa la mshitakiwa. Mama akamwambia kutazama hakuhitaji ruhusa. Kisha akaanza kutuonyesha kwa kidole. Ule ni umuyove, ule ni umwungo, huo wa pili babu yenu alichongea mizinga. Sikuwa nimewahi kumsikia mama akitaja mti ambao si wa matunda au wa kuni. Tulikaa kama saa moja na nusu, tukala mahindi ya kuchemsha, tukasikia kelele kutoka ndani, mama akasema ni sokwe, dada akabisha kwamba ni watu. Tuliporudi tulikuwa tumelowa mpaka mifupani. Hakuna aliyeugua.

Niseme basi juu ya kuugua, maana ndiyo silaha kubwa ya wapinzani wangu. Mafua huletwa na virusi, na virusi hupenda watu waliobanana katika chumba kilichofungwa madirisha, yaani hasa vile tunavyokaa tunapoikimbia baridi. Malaria, ambayo inatuua kweli, huletwa na mbu, na mbu hustawi kwenye joto na maji yaliyotuama, chini mabondeni, si kwenye ubaridi wa mita 2,400. Kwa hiyo mzazi anayemwacha mtoto jioni kando ya mashamba ya mpunga bila hofu, kisha akakataa kumpeleka mlimani asubuhi kwa sababu ya baridi, amepanga hofu zake kichwa chini miguu juu. Koti la mvua na soksi kavu za kubadilisha vinatosha.

Zipo hofu nyingine ambazo sizichezei. Radi ni moja. Machi 2018 radi iliua watu 16 waliokuwa kanisani Nyaruguru, upande wa pili wa msitu. Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 usiku mmoja katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini. Mtu anayesema mvua yetu ni ya kuchezea tu hajui anachosema. Ndiyo maana sisemi twende Aprili, itumba likiwa limepamba moto. Nasema twende mwishoni mwa Desemba na Januari, mvua inapopungua, na twende asubuhi, kwa kuwa mvua kubwa za milimani mara nyingi huanguka alasiri. Mawingu meusi yakikusanyika, watu warudi. Wazee wetu wanaochunga ng'ombe wanajua kusoma mawingu kuliko programu yoyote ya simu. Mwulizeni mmoja kabla ya kuondoka.

Hofu nyingine haina uhusiano na hewa. Wazazi wetu wana kumbukumbu za msitu huo ambazo sisi tuliozaliwa baadaye hatuna. Watu walikimbilia humo, wengine hawakutoka. Na si mambo ya zamani tu: Desemba 2018 mabasi yalishambuliwa kwenye barabara ya Nyungwe, watu wakafa. Mzee akiniambia hataki kuingia msituni, sitamhubiria kuhusu okidi. Ninachokataa ni kwamba mtu mwingine, ambaye hana kumbukumbu hiyo, aazime hofu ya mzee na kuifanya udhuru wa uvivu wake.

Halafu kuna hoja ya shamba. Wapo watakaosema: mwana wa mkulima wa Rwimbogo hana nafasi ya matembezi, Desemba ni palizi, umesahau ulikotoka, sasa umekuwa mtu wa chuo. Hoja hii naiheshimu kuliko ile ya mafua, lakini nayo ina tundu. Sisi hatujakosa siku za kupumzika. Jumapili tunapumzika, wengine Jumamosi. Noeli tunakaa siku tatu tukinywa na kuimba. Na kuna mahali ambapo familia za kwetu zimekuwa zikienda tangu zamani bila kuambiwa na mtu yeyote: chemchemi za maji ya moto za Mashyuza, upande wa Bugarama. Bibi zetu wamepeleka magoti yao huko, akina mama watoto wao, vijana wamekwenda kuogelea, watu wakabeba viazi vitamu na ndizi wakashinda huko. Hakuna aliyesema ni uzungu wala hakuna aliyesema ni ya watalii. Kwa nini? Kwa sababu tulifika pale kabla ya vibao. Tabia ya kutoka na watoto siku ya mapumziko tunayo. Msitu tu ndio ulioondolewa kwenye hesabu.

Nani aliuondoa? Hapa ndipo sitaki kuwalaumu majirani peke yao. Hifadhi inayozungukwa na mashamba haina budi kuwa na mipaka na askari, sawa. Serikali ilianzisha 2005 mpango wa kugawana mapato ya utalii na wakazi wanaozunguka hifadhi, mwanzoni asilimia 5, na tangu 2017 asilimia 10. Fedha hizo zimejenga madarasa, vituo vya afya na matangi ya maji, na mtu akizibeza ni mkosefu wa shukrani. Raia pia hulipa kidogo kuliko mgeni. Lakini nikokotoe safari ya baba mmoja: nauli ya watu watano kwenda na kurudi, kiingilio cha watu watano hata kikiwa kidogo, mwongozaji, chakula. Siku hiyo moja inameza kibarua cha wiki kadhaa. Bei iliyopunguzwa kwa mtu mwenye mshahara Kigali bado ni ukuta kwa mtu wa maharage. Na gawio la asilimia 10 linamfikia mtoto kama bati la darasa, bati zuri, lakini mtoto hajui limetoka kwa mbega gani.

Tuvuke mpaka tuone wenzetu walifanyaje. Karura, kaskazini mwa Nairobi, ni msitu wa hekta zaidi ya 1,000. Miaka ya tisini wenye nguvu walikuwa wakigawana vipande vyake ili wajenge majumba, na 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti langoni. Hata baada ya kuokolewa, Karura ilibaki mahali pa kutisha, wanakojificha wezi. Kisha ukawekwa uzio, vijana wa vitongoji vya jirani wakaajiriwa, ukafunguliwa rasmi kwa umma 2011, kwa kiingilio ambacho familia ya kawaida inaweza kukimudu. Leo nendeni Karura Jumapili ya Julai, wakati Nairobi imejikunyata kwa baridi na watu wamevaa sweta juu ya sweta, mtakuta akina mama wanasukuma watoto kwenye vigari na akina baba wanapumua kwa shida nyuma ya watoto wenye baiskeli. Watu wale si mashujaa. Walipewa lango linaloeleweka, njia fupi, na bei ya soda mbili tatu. Na watu wenye mazoea hayo, siku mtu atakapotaka tena kuukata msitu wao, hawatahitaji kuelezwa kinachopotea.

Hata kwenye theluji yenyewe, ile ya vitabuni, mambo si kama tunavyodhani. Norwei ina sheria tangu 1957 inayompa kila mtu haki ya kutembea katika nyika na misitu, awe na shamba au hana, na watoto wa chekechea huko hutolewa nje wakati wa baridi ambayo kwa kipimo chetu ni ya friji. Sisemi tuige sheria ya Norwei. Nchi yetu ni ndogo na watu ni wengi, kila mtu akiingia msituni apendavyo hautafika mwaka kesho. Nasema tu kwamba wale tuliodhani wanafungiwa ndani na majira yao hawafungiwi, na sisi tusiofungiwa tumejifunga.

Ninachotaka ni kidogo mno kiasi kwamba naona aibu kukiita madai. Kati ya Novemba na Februari wageni ni wachache na njia nyingi ziko tupu. Katika miezi hiyo, Jumamosi moja ya mwezi, isiyo ya umuganda, iwe siku ya familia za jirani: Cyamudongo kwa sisi wa Rusizi, Gisakura kwa wa Nyamasheke, njia fupi, nusu siku, bila malipo kwa mtoto anayekuja na mzazi wake. Nasema na mzazi, si na mwalimu peke yake. Safari za shule tunazo; shule niliyosoma ilitupeleka kuona kiwanda cha saruji na uwanja wa ndege wa Kamembe, tukaona mashine mbili na ndege moja, tukarudi. Mwalimu hufundisha orodha. Mama ndiye aliyejua kwamba umwungo ulikuwa mzinga. Na miongoni mwa waongozaji wawemo wazee waliowahi kutega mitego humo, kwa kuwa hakuna anayeijua njia ya mnyama kuliko aliyeitegea.

Lililobaki linatuhusu sisi wa idara ya Kiswahili, na hapa wahadhiri wangu wanisamehe kwa ukali. Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii. Ng'ambo ya mto Rusizi kuna Bukavu, mji mzima unaozungumza Kiswahili, na chini yetu Bugarama watoto hucheza kwa Kiswahili. Ikiwa familia kutoka pande hizo itapanda Nyungwe, itaongozwa kwa lugha gani? Sisi tunaandika insha juu ya bahari ambayo wengi wetu hatujaiona, tunakariri majina ya majahazi na tanga zake, na hilo ni zuri, ni urithi wa lugha. Lakini tukiwekwa mbele ya miti ya wilaya yetu tunakuwa mabubu katika lugha tunayosomea shahada. Umuyove tumeuandikia nini kwa Kiswahili? Maneno hayo hayatatungwa darasani. Yatatungwa na mtu aliyelowa, anayemweleza mtoto wa Bugarama kile kinachoruka juu ya kichwa chake, na mtoto akakataa neno la kwanza akakubali la pili.

Kwa hiyo nimeacha kusubiri barua ijibiwe. Kutazama, kama alivyosema mama, hakuhitaji ruhusa, na njia ya mashambani kuzunguka Cyamudongo ni ya watu wote. Nimezungumza na wenzangu wanne wa mwaka wetu wanaotoka Rusizi. Tunaanza Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Noeli, saa kumi na mbili asubuhi, kabla ukungu haujainuka. Mpaka sasa tuna wazazi watatu na watoto saba, daftari la majina ya miti lenye safu mbili, na mzee mmoja mchungaji ambaye ameahidi kuyatazama mawingu. Makoti ya mvua ya watoto tunayo matano.